Dakta van Someren na Vipepeo Wetu

Ikitajwa Makumbusho ya Nairobi, wengi wetu humkumbuka Dakta Leakey na mifupa yake. Mimi leo nataka kumzungumza mtu aliyeyatunza kabla yake, Dakta Victor van Someren, ambaye huku pwani jina lake halijulikani sana, ijapokuwa baadhi ya vipepeo wetu wamepewa majina naye.

Alizaliwa Australia mwaka 1886, akasomea Edinburgh, na tangu 1912 akawa mkazi wa Kenya. Alishughulika mno na ndege, akiwakusanya na kuwapiga picha. Kitabu chake Days with Birds kilitolewa Chicago mwaka 1956. Lakini moyo wake ulinasa pia kwa vipepeo, hasa jamii iitwayo Charaxes.

Hawa ni vipepeo wenye nguvu, waendao kasi, na wengi wao wana vijimkia viwili katika kila bawa la nyuma. Maua hawana haja nayo. Hupenda matunda yaliyochacha, utomvu wa miti, hata kinyesi cha wanyama, ndiyo maana mwenye kuwatega hutumia ndizi iliyoiva ikapita kiasi. (Uzuri wote ule, na chakula chenyewe ndicho hicho!)

Taabu ilikuwa kuwatambua. Katika kundi la wale weusi, madume wa aina mbalimbali hufanana kama pacha, na majike wa aina moja huenda wakawa na sura kadhaa. Aliyewatazama wamekufa tu, wamechomwa sindano sandukuni, aliweza kumpa mama jina moja na binti yake jina jingine. Van Someren yeye alirudi kwenye yai. Jike hufungiwa katika mfuko wa shashi juu ya tawi la mti unaoliwa na viwavi wake. Akitaga, viwavi hulishwa majani mabichi mpaka wajifunge katika ganda, kisha watoke vipepeo. Hapo ubishi umekwisha: hawa ni ndugu wa tumbo moja. Nami nikiwapiga picha huku Likoni, sithubutu kuwataja majina wale weusi kwa picha ya mgongo peke yake. Upande wa chini wa bawa hueleza mengi zaidi.

Mpango wa weusi hao aliuchapisha mwaka 1952 pamoja na T.H.E. Jackson, mkulima wa Kitale aliyewafundisha vijana wa Kiafrika kukusanya vipepeo. Vijana hao majina yao hayamo juu ya majalada, nami naona si haki.

Sisi wa Likoni tuna fungu letu. Ukishika njia ya Kwale utafika Shimba, na mwaka 1963 van Someren alimpa kipepeo wa huko jina la Charaxes acuminatus shimbanus. Mwingine, Charaxes protoclea, viwavi wake hula majani ya mbambakofi, mti uleule wa milango ya kuchonga ya wazee wetu. Kila mbambakofi ukatwao, huyu naye hupungukiwa na pa kutaga.

Mwaka huohuo wa 1963 alianza kutoa maelezo yake marefu juu ya Charaxes wa Afrika, katika jarida la Makumbusho ya Uingereza. Sehemu ya 10 ilitoka 1975, naye anakaribia umri wa miaka 90. Mwaka uliofuata akafariki. Tangu 1993 wakazi wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga viwavi kwa kuwalisha majani vivyo hivyo, na maganda yao yakauzwa Ulaya kupitia mradi wa Kipepeo wa Gede.