John Robinson: Mfagizi aliyegeuka mwalimu wa marubani wa Ethiopia

Ukitazama filamu za vita vya angani, hesabu huwa ni moja tu: rubani ameangusha ndege ngapi? Akifikisha tano za adui, anaingia kwenye orodha ya magwiji. Sasa nikupe stori ya jamaa ambaye kwa hesabu hiyo ana sufuri, na bado ni mmoja wa watu muhimu kabisa katika historia ya urubani hapa upande wetu wa Afrika.

Jina lake John Robinson, Mmarekani Mweusi aliyelelewa Gulfport, jimbo la Mississippi. Mamake akiwa mjane aliolewa tena, na nyumbani pesa zilikuwa za kuhesabu. Akasomea umakanika wa magari katika chuo cha Tuskegee, akamaliza 1924, kisha akaelekea mjini kutafuta riziki kama vijana wote.

Alichotaka hasa ni kuruka. Kule Chicago kulikuwa na shule kubwa ya urubani ya Curtiss-Wright, lakini mtu mweusi hakuwa anaruhusiwa kuingia darasani. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Robinson, kama inavyosimuliwa, alitafuta kazi ya kufagia katika shule hiyo hiyo. Akawa anafagia polepole huku masikio yako kwa mwalimu, na wengine wakishaenda nyumbani, ananakili yaliyobaki ubaoni. Usiku anamsomea rafiki yake, Cornelius Coffey, makanika mwenzake. Baada ya vuta nikuvute ndefu, wote wawili waliingia kama wanafunzi, wakafuzu mwaka wa 1931.

Hapa ndipo jamaa anaponishangaza. Wengi wetu tukipenya mlango kama huo, tunaufunga nyuma yetu. Yeye na Coffey waligeuka wakafundisha darasa la weusi katika shule ile ile iliyowakataa. Wakaunda chama cha marubani weusi, na wakatengeneza uwanja wao wa ndege katika mji wa Robbins, nje ya Chicago. Mwaka wa 1934 Robinson alirudi Tuskegee kuwashawishi wakubwa waanzishe masomo ya urubani.

Halafu Afrika ikaita. Mussolini alikuwa anaimezea mate Ethiopia, na Mfalme Haile Selassie alihitaji marubani. Robinson alifika Addis Ababa 1935 na muda si muda akakabidhiwa kikosi cha angani. Usidhani alipewa mashine za maana. Ndege hazikufika 30, nyingi kuukuu, na chache tu ndizo zilizoweza kuruka. Waitalia walikuwa na mamia.

Oktoba 3, 1935, mabomu yalipoanza kuangukia Adwa, Robinson alikuwa huko. Kuanzia siku hiyo kazi yake ikawa kupeleka ujumbe, dawa na maafisa, pamoja na Mfalme mwenyewe, katikati ya milima na ndege za adui. Kupigana nazo ilikuwa ni kujitoa uhai bure, kwa hivyo alijificha mawinguni na mabondeni. Alijeruhiwa, akavuta na gesi ya sumu ambayo Waitalia waliimwaga juu ya watu. Addis ilipoanguka Mei 1936, alikuwa ameshaondoka. Chicago ilimpokea kwa maelfu ya watu barabarani.

Angeweza kuishi kwa sifa hizo hadi kufa. Yeye akafungua shule ya urubani.

Mwaka wa 1941 Tuskegee ilianza kufunza marubani weusi wa kivita, wale walioruka Ulaya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ndiyo maana wapo wanaomwita Robinson baba yao. Mwaka huo huo Waitalia wakafukuzwa Ethiopia, na kati ya waliowafukuza walikuwemo askari wa KAR kutoka huku kwetu. Mwaka wa 1944 Robinson akarudi Addis na wenzake wachache, safari hii kazi ikiwa moja: kufundisha vijana wa Kiethiopia kuruka.

Huku Asumbi, kati ya Rongo na Homa Bay, chuo cha ualimu kiko hapa hapa, kwa hivyo tunajua mwalimu hulipwaje: anapanda, wengine wanavuna. Ya Robinson yalikuwa hivyo hivyo. Waswidi waliletwa kusimamia kikosi, akakosana vibaya na kiongozi wao, Carl Gustaf von Rosen, na ugomvi huo ukamtoa kazini. Hata hivyo hakufunga mizigo. Alibaki Addis akiendelea na mambo ya ndege mpaka Machi 1954, ndege yake ilipoanguka. Alikufa siku chache baadaye kwa majeraha, akazikwa papo hapo Addis. Inasimuliwa kwamba safari yake ya mwisho ilikuwa ya kupeleka damu kwa mgonjwa.

Hakuwahi kuona kilichofuata. Miaka ya sitini Ethiopia ikawa na ndege za kivita za jeti, na 1977, katika vita vya Ogaden, marubani wake wakiwa kwenye F-5 waliziangusha MiG za Somalia. Hawakuwa wanafunzi wake wa moja kwa moja, maana alishakufa zamani. Lakini darasa la kuruka katika nchi hiyo lilifunguliwa upya baada ya vita na mtu aliyeanza na ufagio.

Kenya nayo ina F-5. Jamhuri Dei zikipita juu na kila mtu akitoa simu kurekodi, wewe jiulize: huyo rubani alifundishwa na nani, na aliyemfundisha alifundishwa na nani?