E. D. Morel: Karani Aliyemdai Mfalme Hesabu

Uwajibikaji hutajwa siku hizi kana kwamba ulizaliwa pamoja na mashirika ya kimataifa na kanuni zao. Maisha ya Edmund Dene Morel yanatukumbusha kuwa chimbuko lake laweza kuwa mahali duni zaidi: meza ya karani na daftari la shehena.

Morel alizaliwa jijini Paris tarehe 10 Julai 1873, baba akiwa Mfaransa na mama Mwingereza. Baba alifariki mtoto angali mdogo, naye akasomeshwa Uingereza hadi ukata ulipomkatiza masomo. Mwaka 1891 aliajiriwa na kampuni ya meli ya Elder Dempster mjini Liverpool, iliyosafirisha shehena baina ya Antwerp na Boma, Kongo. Kwa kuwa alikimudu Kifaransa, alitumwa Antwerp mara kwa mara kusimamia shughuli hizo.

Wakati huo Kongo haikuwa koloni la Ubelgiji bali milki ya binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliahidi biashara huru na ustawi wa wenyeji, lakini hakikuwahi kuundwa chombo cha kuhakikisha kuwa ahadi hizo zinatimizwa. Leopold alitangaza ardhi aliyoiita tupu kuwa mali ya dola, akaigawia kampuni ambazo dola lenyewe lilikuwa na hisa ndani yake. Hivyo mtawala, mfanyabiashara na mkaguzi wakawa mtu mmoja.

Bandarini Morel aligundua jambo la ajabu. Meli zilirudi zimesheheni mpira na pembe za ndovu, lakini zilipoelekea Kongo zilibeba askari, bunduki na risasi. Bidhaa za kubadilishana zilikuwa chache mno. Iwapo wenyeji hawakulipwa kwa bidhaa wala kwa fedha, mpira huo ulipatikanaje? Jibu lilikuwa moja tu: kazi ya shokoa. Alimweleza mkuu wake, Alfred Jones, ambaye pia alikuwa konsuli wa heshima wa dola hilo, asisikilizwe. Mwaka 1901 alijiuzulu.

Mnamo 1903 alianzisha gazeti la West African Mail. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilipitisha azimio kuhusu Kongo, na konsuli Roger Casement akatumwa kuchunguza. Ripoti yake ilitolewa mwanzoni mwa 1904, na mwezi Machi chama cha kupigania mageuzi ya Kongo kikaundwa, Morel akiwa mhimili wake. Picha zilizopigwa na mmisionari Alice Seeley Harris zikaonyesha kile ambacho takwimu zilidokeza tu.

Leopold aliposhinikizwa aliunda tume yake mwenyewe. Mbele ya tume hiyo Lontulu, mtawala wa Bolima, aliweka mezani vijiti 110, kila kijiti kikiwa mtu wake mmoja aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Morel alikuwa amehesabu shehena. Lontulu alihesabu wafu. Ripoti ya tume, iliyotoka 1905, ilithibitisha maovu hayo. Mwaka 1908 Kongo ilikabidhiwa Ubelgiji. Leopold alilipwa, nyaraka nyingi za dola zikachomwa moto, naye akafa 1909 pasipo kusimamishwa mbele ya mahakama yoyote.

Morel hakuwa malaika. Mwaka 1917 alifungwa kwa sababu ya harakati zake za kupinga vita, jambo linalomletea sifa. Lakini kuanzia 1920 aliandika makala za kibaguzi dhidi ya wanajeshi Waafrika wa Ufaransa waliokuwa Ujerumani, doa lisilofutika. Mwaka 1922 alichaguliwa mbunge wa Dundee, mahali Winston Churchill aliposhindwa, akafariki tarehe 12 Novemba 1924.

Funzo la maisha haya ni kwamba mkataba usio na msimamizi ni wino mtupu, na kwamba mwenye mali hawezi kuwa mkaguzi wa mali yake mwenyewe. Hesabu za kweli hutoka kwa anayeona shehena ikipakuliwa na kwa anayewazika wafu. Wote wawili wanastahili kusikilizwa, na yule wa pili asikilizwe kwanza.