Siti binti Saad: Muuza Vyungu Aliyeitwa Bibi

Ndugu wanachama, wageni wetu na wote mnaotuunga mkono hapa Nachingwea na kule Ruangwa, kurasa nyingine za kijitabu hiki zinahusu hisa, mikopo na marejesho. Ukurasa huu tumempa marehemu. Ni mwanamke ambaye hakuwahi kuwa na kikundi cha kuweka na kukopa, shule hakwenda, wala kwao hakukuwa na mali. Hata hivyo jina lake linatajwa mpaka leo, na kila mama anayeishi kwa jasho lake ana haki ya kulijua.

Siti binti Saad alizaliwa kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, kwenye mwaka 1880 hivi. Jina alilopewa utotoni halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Siku hizo utumwa ulikuwa bado haujafutwa Zanzibar; ulifutwa kwa sheria mwaka 1897, na hata hapo si kwa wote kwa mara moja. Baba yake, Saad, asili yake ilikuwa Unyamwezini, na mama yake alikuwa wa asili ya Kizigua. Kwa hiyo damu yake ilikuwa ya huku bara, kama damu ya watu wengi wa visiwani. Nasi wa Kusini tusisahau kwamba njia ya Kilwa ilipitisha wengi wa babu na bibi zetu kwenda huko huko, na wengi hawakurudi.

Nyumbani kwao kazi ilikuwa kilimo na ufinyanzi. Mama yake alifinyanga vyungu, na binti akajifunza kwake. Akina mama wa huku wanaoijua kazi hiyo hawana haja ya kuelezwa: kuchimba udongo, kuuponda, kuufinyanga, kuanika, kuchoma, na kuomba Mungu vyungu visipasuke motoni. Baada ya hapo ndiyo safari ya kuvipeleka mjini kichwani. Binti yule alikuwa akivinadi vyungu vyake kwa kuimba, na sauti yake ilikuwa kali na safi kiasi kwamba watu walimsikia akiwa bado yuko mbali. Mteja alijua anakuja kabla hajamwona. Tunaweza kusema mtaji wake wa kwanza ulikuwa sauti, ila mwenyewe alikuwa bado hajajua thamani yake.

Mwaka 1911 aliacha shamba akahamia mjini, upande wa Ng'ambo, walikoishi wachukuzi, wavuvi, mafundi, wauza vitumbua na watu waliotoka utumwani. Huko alikutana na Ali Muhsin, mtu wa muziki, akamfundisha kuimba kwa kufuata vyombo. Taarabu wakati huo ilikuwa mambo ya wakubwa. Ilikuwa imeingia kwa Sultani Barghash, ambaye alimpeleka mtu Misri kujifunza, na mwaka 1905 mjini pakaanzishwa chama cha Ikhwan Safaa. Waimbaji walikuwa wanaume, na lugha ilikuwa Kiarabu. Mwanamke wa shamba, asiyejua kusoma, kusimama mbele ya vinanda na kuimba kwa Kiswahili, hilo lilikuwa jambo jipya kabisa.

Siti hakuwa peke yake. Alikuwa na wenzake: Maalim Shaaban, Subeti Ambar, Budda Swedi na Mbaruk. Hao ndio waliokuwa kundi lake. Jioni watu walikusanyika kwake Ng'ambo, na kila mmoja alikuja na habari zake: nani kadhulumiwa, nani kaachwa, kesi gani imeamuliwa vibaya. Habari hizo ndizo zilizogeuka nyimbo. Kwa kuwa hakuwa msomaji, alizihifadhi zote kichwani. Aliimba kwenye harusi za watu wadogo na kwenye majumba ya wakubwa, mpaka mbele ya Sultani. Na jina lile la Mtumwa likaondoka, akaitwa Siti, ambalo kwa Kiarabu maana yake ni bibi, mwanamke wa heshima.

Kupanda kwake hakukuwafurahisha wote. Walikuwapo walioimba kumkejeli, kwamba si mzuri wa sura, katoka shamba na kaniki moja tu, leo eti anajiona mtu. Jamani, maneno hayo hata leo tunayasikia, tena mara nyingine kutoka kwa wanawake wenzetu. Siti hakugombana na mtu barabarani. Alijibu kwa wimbo, akasema uzuri wa sura si hoja, kinachomfaa mtu ni akili. Wimbo wake ulibaki, na waliomkejeli wengi wao hata majina hayajulikani.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, India, wakarekodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa katika santuri. Sahani hizo ziliuzwa kwa maelfu na maelfu, zikafika mwambao wote na kupenya bara. Mtu mmoja akiwa na gramafoni, mtaa mzima ulikaa barazani kwake kusikiliza. Wenye kampuni waligundua kwamba watu wa kawaida wanaoongea Kiswahili nao ni wateja. Kabla ya hapo hakuna aliyewahesabu.

Alichoimba ndicho kilichowafanya wamsubiri. Uko wimbo wake unaojulikana kwa jina la Kijiti. Unasimulia habari ya kweli. Mwanamke mmoja mjamzito alitoka Dar es Salaam kwenda Unguja kutembea, wakaenda starehe na wenzake, na mwanaume aliyeitwa Kijiti akamfanyia ukatili na kumwua. Kijiti akatoroka, akavuka kwenda bara. Waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi walikuwa wanawake wawili, rafiki za marehemu. Na hao ndio waliofungwa, eti kwa sababu walihusika na pombe ya siku ile. Muuaji yuko huru, mashahidi wako jela. Gazeti la wanawake halikuwapo, na barazani kwa hakimu nani angesema kitu? Siti aliimba. Watu wakaujua uonevu ule kwa jina la mtu aliyeufanya, na miaka karibu 100 baadaye bado wanaujua. Aliimba pia juu ya mtu mwenye nafasi aliyewadhulumu watu wasiojua kusoma, akaishia kifungoni. Mhasibu yeyote wa kikundi, popote alipo, na ausikilize wimbo huo.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana jambo hili linatuhusu. Katika maandalizi ya sherehe yetu palitokea wazo la kumchagua mama mmoja, asimulie mbele ya watu taabu zote alizopitia, kisha apigiwe makofi na kupewa zawadi. Wazo hilo si geni. Huko Marekani kulikuwa na kipindi cha mchana kilichoitwa Queen for a Day, yaani malkia wa siku moja. Kilianza redioni mwaka 1945, na kuanzia 1956 hadi 1964 kikaonyeshwa katika televisheni nchi nzima. Akina mama wa kawaida walisimama mmoja baada ya mwingine kueleza shida zao: huyu ana mume mgonjwa, yule ana mtoto mlemavu. Watazamaji wakapiga makofi, na chombo maalumu kikayapima. Aliyepigiwa zaidi alivishwa taji na joho, akapewa vitu vya nyumbani. Ambaye shida yake haikuvuma vya kutosha, taji hakulipata.

Hatusemi waliokipenda kipindi hicho walikuwa na roho mbaya. Wengi waliangalia kwa machozi, na aliyepewa mashine ya kufulia kweli ilimsaidia. Lakini fikirini. Ili mama aheshimiwe ilibidi kwanza aonewe huruma, na ili aonewe huruma ilibidi ashindane na mama mwenzake kwa machozi. Ndiyo maana katika kikundi chetu tuna mfuko wa jamii na tuna katiba. Mwanachama akifiwa au akiuguliwa anapewa kiasi kilichoandikwa, awe msemaji au awe mnyamavu. Msiba haupigiwi kura. Yule mama anayeuza ufuta wake Ruangwa akanunua hisa kila wiki bila kukosa, na yule anayekopa kwa ajili ya dawa ya mikorosho na kurudisha baada ya mauzo, wote wawili wanastahili kutajwa kwa walichofanya. Hakuna haja ya kuwaliza kwanza.

Siti alituonyesha njia hiyo mapema. Hakusimama mbele ya watu kuhesabu jinsi alivyozaliwa mnyonge, ingawa angeweza. Alileta kazi, watu wakaiheshimu kazi. Na alipokwisha pata jukwaa, hakulikalia peke yake. Aliwapandisha juu wanawake wawili waliofungwa bila haki, na wengine ambao majina yao yasingeandikwa popote.

Mwishoni mwa maisha yake alitembelewa na Shaaban Robert, mshairi wa Tanga, akamsimulia habari zake. Kutokana na mazungumzo hayo kikaandikwa kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad, ambacho wengi walikisoma shuleni. Mwandishi mkubwa wa Kiswahili kumwandikia kitabu mfinyanzi wa Fumba, hiyo nayo ilikuwa heshima, na ilikuja bila kupimiwa makofi. Siti alifariki tarehe 8 Julai, 1950. Bi Kidude, aliyejifunza kwa kumsikiliza, aliziimba nyimbo zake mpaka alipofariki naye mwaka 2013.

Wanawake waandishi wa habari wa nchi hii walipoanzisha chama chao, TAMWA, mwaka 1987, walitafuta jina la kulipa gazeti lao la kutetea wanawake. Mwaka 1988 likatoka, likaitwa Sauti ya Siti. Wakati huo Tanzania Bara ilikuwa haijapata televisheni. Ilianza kuonekana mwaka 1994, na huku kwetu ilichelewa zaidi. Ila sauti ilikuwapo tayari, imetangulia tangu enzi za santuri.

Basi mama, utakapoitwa jina siku ya sherehe, simama wima. Utasomewa hisa ulizonunua na mikopo uliyorejesha. Jina lako litatajwa kamili, pamoja na la baba yako, kama lilivyotajwa la Siti binti Saad. Mwenyezi Mungu amrehemu.