Sura ya Mekatilili

Picha ya Mekatilili uliyoiona ukumbini siku ya tamasha ni ya tatu. Mbili za kwanza nilizirarua.

Chama chetu kilitaka picha ya shujaa wa kwetu, na kwa vile mie najua kushika brashi kidogo, kazi ikaniangukia. Nikatafuta picha yake ya kamera niige, wapi! Zote nilizoziona zimechorwa na watu waliokisia kama mimi. Mwalimu wa sanaa akanionyesha kitabu cha Modigliani, yule Mwitaliano aliyezaliwa Livorno mwaka 1884 akafia Paris mwaka 1920. Wanawake wake wana shingo ndefu ajabu, na mara nyingi macho hayana mboni. Yakanipendeza. Nikamchora Mekatilili msichana mwembamba, leso begani, macho matupu, nikampelekea hawe wangu kijijini aione. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakasirika.

Kumbe nilikuwa sijui ninamchora nani. Bibi huyu alipewa jina Mnyazi wa Menza, mzaliwa wa bara ya Kilifi, binti pekee kati ya watoto watano. Inasimuliwa kwamba nduguye mmoja alinyakuliwa na wafanyabiashara wa utumwa, asirudi tena. Akaolewa, akamzaa Katilili. Na Mekatilili maana yake ni mama Katilili, basi. Waingereza walipokaza kodi ya vibanda, na kutaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi mashambani mwao, yeye alikuwa mtu mzima, tena mjane. Mie nimechora kigori! Halafu leso ya nini, hawe akauliza, wakati wanawake wa siku zile walivaa hando?

Silaha yake ya kwanza ilikuwa ngoma. Alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu wakimfuata kundi kwa kundi. Pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola aliwakusanya Wagiriama Kaya Fungo mwaka 1913, wakala viapo, wanawake chao na wanaume chao, kwamba hakuna atakayemtumikia Mzungu. Mwaka huo huo, katika mkutano na Arthur Champion, ofisa wa serikali, inasemekana alikuja na kuku na vifaranga vyake, akamwambia ofisa ajaribu kuchukua kimoja aone. Kuku akamdonoa. Watu wakacheka, na Champion kwa hasira akampiga kuku risasi. Hapo hawe hunyamaza kidogo kila anaposimulia.

Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi kabisa. Mwaka 1914 wakatoroka, wakarudi kwa miguu. Msomaji, chukua ramani upime mwenyewe kutoka Kisii hadi Kilifi, mamia ya kilomita, na mama huyu si kijana! Agosti ya mwaka huo Waingereza walilipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikawaka, vijiji vikachomwa, Wagiriama wengi wakafa. Yeye akashikwa tena, akapelekwa mbali mara ya pili. Aliporudi mwaka 1919 aliishi kwa heshima miongoni mwa watu wake hadi alipofariki miaka ya 1920. Kaburi lake liko Bungale, Magarini. Pale Malindi mjini kuna bustani yenye jina lake na sanamu yake.

Picha ya pili nilimchora mama mnene, hando kiunoni, uso umenuna. Hawe akaitazama sana. Safari hii hakucheka, ila aliuliza mbona nimeikata magotini. Nikasema karatasi iliisha. Akaniuliza, mtu aliyetembea kutoka Kisii, miguu yake nimeiweka wapi?

Basi nikaunganisha karatasi mbili kwa gundi, na ndiyo maana picha ile ina mkunjo katikati, wale waliokuwa wakininong'ona wajue. Miguu ina vumbi na nyufa. Kuku yuko kando, mzima. Macho nimeyatia mboni, ingawa mwalimu wa sanaa bado ananilaumu. Yeye aliyapenda yale matupu. Hawe hajaiona bado. Nitampelekea likizo ya Agosti, na brashi ninaichukua pia.