Bwana Akeley na Gorila wa Mikeno

Kila niuonapo mlima Mikeno namkumbuka Bwana Carl Akeley, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1864. Mwaka 1921 aliupanda na bunduki, akaua gorila ili wawekwe katika jumba la makumbusho la New York. Kisha moyo wake uligeuka. Wanyama hawa huishi juu penye ukungu, wakila mianzi na majani yawashayo. Lakini manyoya marefu huzuia baridi, hayazuii risasi. Akawasihi Wabelgiji wawalinde, na mwaka 1925 Mfalme Albert akaanzisha hifadhi. Mwaka 1926 alirudi kuwachunguza, akaugua, akafa, akazikwa mlimani huko huko. Nami nimejifunza kwamba aliyekosa aweza kutengeneza.