Jesse Ramsden: Karani wa vitambaa aliyewapa wapimaji ardhi pembe za kuaminika

KILA anayevuka mpaka huyapita mawe yaliyowekwa na wapimaji ardhi. Kila aliyerudi nyumbani na kukuta shamba la familia lina wadai wawili, anajua uzito wa mstari mmoja kwenye ramani. Mistari hiyo kwa muda mrefu ilitokana na pembe, na pembe hupimwa kwa chombo. Leo tumtazame Jesse Ramsden, Mwingereza aliyefanya chombo hicho kiaminike.

Ramsden alizaliwa mwaka 1735 karibu na mji wa Halifax, baba yake akiwa na nyumba ya wageni. Hakuanzia kwenye sayansi. Alijifunza kazi ya vitambaa, na mwaka 1755 akaenda London kuwa karani katika ghala la nguo. Akiwa na umri uliopita miaka 20, wakati wenzake walikwisha shika kazi zao, alianza upya kama mwanafunzi wa fundi wa vyombo vya kupimia. Baadaye alimwoa Sarah, binti wa John Dollond, mtengenezaji mashuhuri wa lenzi.

Wakati huo duara la chombo liligawanywa nyuzi 360 kwa mkono, fundi akitumia bikari na jicho lake. Tuliosoma shule za ukimbizini, kipimapembe kimoja kikizunguka darasa zima, tunajua mistari iliyochorwa ovyo humfanya mwanafunzi hodari akose hesabu. Baharini kosa hilo liliua watu. Nahodha aliyetafuta longitudo kwa kupima umbali wa mwezi na nyota, akikosea dakika moja tu ya pembe, aliweza kujidhani yuko kilomita 50 mbali na alipo.

Dawa ya Ramsden ilikuwa mashine ya kugawanya duara. Gurudumu lake lilikuwa na meno 2,160 yaliyosukumwa na skrubu. Skrubu ikizunguka mara sita, gurudumu linasogea nyuzi moja kamili. Mashine bora zaidi ilikamilika katikati ya miaka ya 1770. Bodi ya Longitudo ya Uingereza ilimlipa pauni 615, kwa sharti kwamba aieleze mashine hiyo hadharani na kuwafundisha mafundi wengine. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1777. Siri ya karakana moja ikawa elimu ya wote.

Lakini mkamilifu huyu hakuwa mtu wa ahadi. Mwaka 1784 Jenerali William Roy alipima mstari wa msingi kule Hounslow Heath, ili ramani za Uingereza na Ufaransa ziunganishwe. Akaagiza kwa Ramsden tiodolaiti kubwa. Akangoja miaka mitatu. Ilipofika mwaka 1787 ilikuwa na duara la sentimita 91 na uzito wa kilo 90 hivi. Roy alikasirika na akaandika malalamiko yake mbele ya wanasayansi wenzake. Hata hivyo, chombo hicho kilipima pembe za pembetatu kubwa kwa usahihi uliowezesha mviringo wa dunia kuonekana katika hesabu: jumla ya pembe tatu ilizidi kidogo nyuzi 180. Roy alifariki mwaka 1790, lakini kazi yake iliendelea.

Mfanyabiashara atauliza: mteja akingoja miaka mitatu, si hasara? Ni hasara. Lakini tupime na upande wa pili. Kosa la dakika moja ya pembe ni karibu sentimita 3 kwa umbali wa mita 100, na karibu sentimita 29 kwa kilomita moja. Sentimita 3 hutosha kufanya nguzo ya daraja isikutane na boriti yake.

Tena, katika kazi za karibu, kama vile ujenzi wa daraja au kiwanda, chombo kizuri peke yake hakitoshi. Mpimaji akikisimamisha milimita 2 pembeni ya alama, shabaha ikiwa mita 20 mbele, pembe yaweza kukosewa kwa sekunde 20 hivi. Kwa shabaha iliyo kilomita 2 mbali, kosa hilo hilo halifiki hata robo ya sekunde. Kadiri unavyokaribia, ndivyo usimamishaji unavyodai uangalifu. Mashine za kielektroniki za leo hazijaifuta kanuni hiyo.

Ramsden alipewa Medali ya Copley mwaka 1795, akafariki Brighton Novemba 1800. Mtaliano Giuseppe Piazzi, aliyewahi kukaa London akiisubiri kazi yake, alikuwa na duara la Ramsden huko Palermo tangu mwaka 1789. Tarehe 1 Januari 1801, chini ya miezi miwili baada ya kifo cha fundi, Piazzi alikitumia chombo hicho akagundua Ceres, gimba la angani ambalo halikuwahi kujulikana.

Ndugu msomaji, akija mpimaji shambani kwako, usimharakishe. Mwache asawazishe chombo chake, apime pembe mara mbili, na wewe na jirani yako msimame hapo mkiona.