Padre Ernest Millar na Stempu za Simbi

Wengi wetu hukusanya stempu, lakini ni wachache wanaofahamu kwamba stempu za kwanza za Uganda hazikutoka Ulaya. Zilifanywa hapa hapa Mengo, na mtu mmoja, kwa taipureta yake. Mtu huyo alikuwa Padre Ernest Millar wa misheni ya C.M.S.

Uganda iliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza mwaka 1894. Mwezi wa Machi 1895, Bwana George Wilson, mtumishi wa Serikali hapa Kampala, alitaka kuanzisha posta, lakini stempu hakuwa nazo. Padre Millar alikuwa na taipureta, basi Bwana Wilson akamwomba msaada.

Padre akatwaa karatasi nyembamba, akapiga taipu herufi U na G, na chini yake bei kwa hesabu ya simbi, maana siku zile simbi ndizo zilizokuwa fedha ya watu. Simbi 200 zilikuwa sawa na rupia moja. Hata leo Waganda huita fedha ensimbi. Karatasi moja ilikuwa na stempu 117, na zote zilipigwa kwa kidole. Nafikiri kazi hiyo ilihitaji saburi kubwa! Stempu za aina fulani zikipungua, bei ilikatwa kwa wino na nyingine ikaandikwa kwa mkono.

Stempu za kwanza zilikuwa pana, tangu milimita 20 hadi 26. Baadaye zilipigwa kwa herufi nyembamba zaidi, zikawa na upana wa milimita 16 hadi 18. Novemba 1896 Padre Rowling alizipiga chapa kwa herufi za risasi huko Lubwa's, Busoga, na kazi ya taipureta ikakoma. Mwaka 1898 zikaja stempu zenye sura ya Malkia Victoria.

Padre Millar aliendelea na kazi yake. Mwaka 1902 alifuatana na Katikiro Apolo Kagwa na Ham Mukasa kwenda Uingereza wakati wa kutawazwa kwa Mfalme Edward VII, akiwa mkalimani wao. Ham Mukasa aliandika habari za safari ile, naye Padre akazifasiri kwa Kiingereza. Kitabu kikatoka mwaka 1904.

Sasa niwaambie kwa nini namkumbuka. Nilipokuwa mwanafunzi, wakati wa likizo ya Krismasi, mtu mmoja mjini aliniuzia stempu ya simbi 20. Nilitoa fedha zote nilizopewa na mjomba za kununulia viatu. Nilirudi shuleni nikiringa, tena peku.

Mwalimu wetu mmoja mzee aliiinua dirishani, akanyamaza kitambo. Kisha akanionyesha. Karatasi ya Padre Millar ina mistari hafifu ndani yake, nayo huonekana ukiielekeza kwenye mwanga. Yangu haikuwa nayo. Stempu zile hazikuwa na gundi. Yangu ilikuwa na gundi nyuma, tena safi. Akaniambia kuwa kitu kilichofanywa kwa taipureta ni chepesi kuigizwa, ndiyo maana wenye stempu hizi huzipeleka kwa wataalamu wa London zichunguzwe kabla ya kuziuza.

Jioni ile mwenzangu wa bwenini, ambaye hakuwa na habari, alitaka kuinunua kwa bei ile ile niliyotoa mimi. Ndugu zangu, nilikaribia kukubali, maana viatu nilivihitaji sana. Lakini nilimfikiria Padre yule aliyeketi akipiga herufi moja moja ili barua za watu zifike, nikaona haya. Nikachukua kalamu ya wino, nikaandika nyuma yake: BANDIA.

Ninayo mpaka leo katika albamu yangu. Haina thamani hata ya simbi moja, lakini siiuzi.